Kabla ya kwenda kambi ya kutazama nyota Dodoma

Tarehe ipangwe na mwezi. Ratiba za watu zifuate baadaye. Wikiendi nzuri ni ile inayoangukia karibu na mwezi mwandamo. Mwezi huchelewa kuzama kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo mwezi wa siku saba utawakalia angani hadi karibu saa sita usiku. Kuanzia Juni hadi Septemba mawingu hayasumbui sana Dodoma. Kinachosumbua ni upepo na vumbi.

Kambi iwe kusini mwa jiji, upande wa barabara ya Iringa, kilometa 40 au zaidi. Hapo mwanga wa mji unabaki mgongoni, nanyi mnatazama kusini kuliko na makundi ya nyota ya Salibu ya Kusini na Nge, na lile fundo kubwa la nyota, Omega Centauri, ambalo Julai huwa juu mara tu giza linapoingia. Giza kamili hutimia kama saa 1:45 usiku. Mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa siku kadhaa kabla. Watu kumi porini usiku, wenye taa nyekundu na mabomba yaliyoelekezwa juu, hawajielezi wenyewe.

Wengi huumbuliwa na stendi ya darubini. Stendi ya kiikweta, ile inayofuata nyota kwa mhimili mmoja, lazima mhimili wake uelekee ncha ya kusini ya anga, pale ambapo nyota za kusini huonekana kuzunguka, na Dodoma ncha hiyo iko digrii 6 tu juu ya upeo: upana wa vidole vitatu ukinyoosha mkono, na ziada kidogo. Mgunga mmoja unatosha kuiziba. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno kuonekana katika vumbi la chini vile. Tena stendi nyingi zimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta: ukiilaza hadi digrii 6, skrubu inagota mwisho au fimbo ya uzito inagonga mguu. Ijaribu nyumbani mchana. Ikikataa, beba darubini ya Dobson inayozunguka kwenye sanduku lake. Kwa kutazama tu, bila kupiga picha, haikupunguzii kitu.

Barabara ya vumbi hulegeza vioo. Laza darubini juu ya godoro, usiisimamishe, na beba bisibisi ya nyota na spana za L. Ukifika, chagua nyota angavu na uvuruge fokasi kidogo: duara za mwanga zinazotokea zikiegemea upande mmoja, rekebisha skrubu tatu za nyuma ya kioo kikuu, robo mzunguko kwa mara moja. Kabla ya hapo kioo kipoe nje kwa dakika 30 hadi 60, maana joto la mchana likibaki ndani nyota hutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji.

Vumbi likitua kwenye kioo usilifute kwa kitambaa, hata kiwe laini vipi. Chembe za mchanga huchora. Lipulize kwa kibofu cha mpira, kile cha kusafishia pua za watoto kinachouzwa famasi. Turubai la kutandika chini ya stendi husaidia kuliko dawa yoyote ya kusafishia lenzi.

Tochi zifungwe karatasi nyekundu ya nailoni, tabaka mbili. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa ya ndani ya gari huliharibu kwa sekunde moja, basi zimeni ile inayowaka mlango ukifunguka. Magari yaegeshwe yakitazama njia ya kutokea, ili anayeondoka mapema asilazimike kugeuza kwa taa kubwa.

Maji lita tano kwa mtu kwa siku, koti, marvini, chandarua. Viatu vya kufunika na si kandambili: nge wa ardhini nao hutoka usiku.

Asubuhi, kabla ya kulala, funika darubini pande zote mbili na uvue kidarubini cha kulengea. Watoto wa kijiji watakuja kuchungulia, na jua kupitia lenzi hupofusha papo hapo.