SOMO: Bima ikikuzungusha kulipa fidia ya gari, fuata njia hii

Wakuu, ni mara chache kampuni ya bima ikwambie "hatulipi". Utasikia "faili liko kwa meneja", "njoo Jumatatu", na miezi inakatika. Somo hili ni kwa wenye bima kubwa (inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe) hapa Tanzania.

1. Ajali ikitokea, polisi kwanza, kisha kampuni siku hiyohiyo ikiwezekana. Hakikisha trafiki wamekagua gari na fomu ya PF 90 (ripoti ya polisi ya ajali) ipo. Usilitengeneze kabla mkadiria hasara wao hajaliona.

2. Peleka nyaraka kwa barua. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Orodhesha kila ulichoambatisha: fomu ya madai, ripoti za polisi, nakala ya leseni ya dereva, kadi ya gari, stakabadhi ya ada ya bima. Malizia hivi: "Kama kuna nyaraka inayokosekana, naomba nijulishwe kwa maandishi." Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kampuni inatakiwa kulipa ndani ya siku 45 tangu nyaraka zikamilike. Bila mhuri, watasema hazijakamilika mpaka uchoke. Meseji za WhatsApp na wakala usizifute, ila usizitegemee.

3. Wakikataa, dai barua inayotaja kifungu cha mkataba walichosimamia. Sababu ya mdomoni hubadilika kila wiki.

4. Wakikuletea fomu ya kupokea malipo, ile dischaji vocha, isome mpaka mwisho. Ikiwa na maneno "malipo kamili na ya mwisho" na wewe unadai zaidi, usisaini. Najua gari liko gereji na ada ya shule inasubiri. Hata wao wanajua.

5. Hapo sasa lalamika TIRA (mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini), au fungua shauri Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Mahakamani iwe mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, hasara ni milioni 4, wananipa 2. Si wizi huu?
Jibu: Angalia thamani uliyoandikisha. Kama gari ni la milioni 20 nawe ulikatia bima ya milioni 10 ili ada ipungue, kipengele cha bima pungufu kinawaruhusu kulipa nusu. Hapo hawajakuonea, ndugu yangu.

Swali: Dereva wangu leseni ilikuwa imeisha muda. Nifiche?
Jibu: Usithubutu. Uaminifu kwenye bima unabana pande zote mbili, na nyaraka moja ya kughushi inawapa sababu ya kukataa dai zima.

Swali: Mbona Marekani watu wanalipwa mabilioni bima ikiwafanyia hila?
Jibu: Kule majimbo mengi huruhusu kuishtaki bima kwa hila yenyewe na kudai fidia ya adhabu, yaani pesa za kuiadhibu kampuni juu ya fidia ya hasara yako. Ila hata kule kuna kikomo: kesi ya Campbell dhidi ya kampuni ya bima ya State Farm, iliyotoka jimbo la Utah, adhabu ilikuwa dola milioni 145 juu ya fidia ya milioni 1, mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema imepita kiasi. Kwetu msingi ni mkataba: unadai stahiki yako, riba, na fidia ya usumbufu kadiri mahakama itakavyoona. Kwa hiyo weka risiti za bodaboda na gari ulilokodi.