Kutega koyote kwenye uzio: kwanza soma unywele

Mtu akiniomba nimfundishe kutega koyote, yule mnyama wa porini wa Amerika Kaskazini anayefanana na mbweha, kwa tanzi la waya kwenye uzio, siku ya kwanza simpi waya. Tunatembea mikono mitupu kandokando ya seng'enge tukitafuta mahali ambapo waya wa chini umelegea na udongo umekwanguliwa ukabonyea kama sahani. Uzio wa kilomita nzima unaweza kuwa na penyo mbili tatu tu zinazotumika kweli. Nyingine ni za sungura.

Ukiupata upenyo, piga magoti. Kwenye miiba ya ule waya wa chini kuna nywele. Wa koyote una rangi kwa mikanda, ncha nyeusi. Wa mbweha mwekundu ni laini, rangi ya kutu. Wa kulungu ni mnene, una mawimbi, na ndani una uwazi: ukiukunja hauinami, unavunjika kama bua kavu. Ukiukuta huo, inuka uende zako. Wengi wanadhani kulungu huruka tu. Kumbe hupita chini vilevile, na tanzi halijui kuchagua. Sufu ya kondoo nayo ni jibu tosha: hapo usitege.

Suala la sheria nalitaja mapema kwa sababu linaamua kila kitu. Kuna nchi ambako tanzi la waya ni ujangili tu, hakuna mjadala. Marekani kila jimbo lina kanuni zake: mengine yamekataza, mengine yanadai leseni, yanapanga msimu, na yanataja mpaka upana wa tanzi na aina ya kifungio. Soma za kwako za mwaka huu, usitegemee za mwaka jana. Kisha mwone mwenye shamba, hata kama unamfahamu.

Waya wenyewe ni kamba ya chuma ya nyuzi zilizosokotwa, unene wa milimita 2 hivi. Hakikisha una vitu vitatu: kiungo kinachozunguka ili waya usijisokote ukakatika, kizuizi kinachozuia tanzi kubana kupita kiasi kwenye mguu wa kulungu, na kiungo dhaifu kinachofunguka mnyama mkubwa akivuta kwa nguvu. Waya mpya unang'aa na kunuka mafuta; uchemshe kwenye maji ya magadi mpaka ufifie, na tangu hapo usiushike bila glovu. Kabla ya kutega, upitishe kwenye kidole gumba ukiubana kidogo, mara kadhaa, mpaka wenyewe utake kujikunja. Waya mvivu hufunga polepole, na koyote harudii kosa.

Kutega kwenyewe ni dakika tano. Kwenye upenyo mnyama huinamisha kichwa, kwa hiyo tanzi hukaa chini: mimi huacha vidole vinne kutoka kwenye udongo, na upande wa juu ukaribie waya wa uzio bila kuugusa. Ukigusa, upepo ukitikisa seng'enge, tanzi linacheza na kila kitu kinaharibika. Lishikilie kwa waya mgumu uliochomekwa pembeni, nyuma yake uweke majani makavu mawili matatu. Usifagie, usipambe.

Sehemu nyingine sheria hairuhusu tanzi kufika kwenye uzio, maana mnyama anaweza kujizungusha kwenye nguzo, na hapo hata kile kiungo dhaifu hakisaidii. Basi rudi nyuma mita kadhaa kwenye njia inayoelekea upenyo. Vuta waya wote kutoka kwenye kigingi kinachoushikilia ardhini, uzunguke nao duara kamili. Ukigusa nguzo au kichaka, bado hujafika. Hapo njiani koyote anatembea kichwa juu, hivyo tanzi la sentimita 25 hadi 30 kwa upana, na kimo hichohicho kutoka ardhini.

Mwaka wangu wa pili nilitega karibu mno na nyumba ya watu. Asubuhi nikamkuta mbwa wao amekaa kitako, waya shingoni, ananitazama kama mtu aliyechelewa basi. Alikuwa amezoea mnyororo, hakuvuta, na kizuizi kilikuwepo. Nilimfungua, nikampeleka nyumbani, nikasemwa nikanyamaza. Tangu hapo, nikiona nyayo za mbwa hata zile kuukuu, sitegi.

Kagua kila siku, alfajiri, iwe theluji iwe matope. Ngozi nzuri ni ya majira ya baridi, manyoya yakiwa yamejaa. Ukimnasa mapema, upande wa ndani wa ngozi hutoka wa bluu-bluu na mnunuzi anaitupa pembeni.

Kila nikitega, nachora alama ya chaki kwenye nguzo iliyo karibu na kuandika idadi kwenye daftari. Msimu ukiisha nazifuata alama moja moja. Niliweka 12, nang'oa 12. Mwaka mmoja nilibaki na 11 mkononi, nikatembea ule uzio mpaka jua likazama.