Kupanga nyumba kwa staili ya Skandinavia: anza na mwanga, kochi baadae

Watu wakipata nyumba huku Stockholm, Uswidi, wananipigia na swali ni lile lile, fundi, ninunue kochi gani? Mi ni fundi rangi, huu mwaka wa tisa napaka nyumba za watu hapa mjini, na jibu langu ni kwamba kochi liache kwanza. Zima taa zote, kaa chini sebuleni saa nane mchana ya mwezi wa kumi na moja, angalia mwanga unaingilia wapi na unaishia wapi. Desemba jua la hapa linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na saa tisa mchana haijafika limeshazama, sasa mtu anaeishi na masaa sita tu ya mchana lazima nyumba yake aipange kukamata kila mwanga unaopita, ndo maana unaona kuta nyeupe, mbao za rangi ya asili na madirisha karibu matupu. Ukinunua vitu bila kuelewa hilo utapata nyumba ya kwenye katalogi, ila kuishi humo utaona baridi.

Hatua ya 1: Chagua nyeupe yako

Toa simu, fungua dira, angalia dirisha kubwa linatazama wapi. Likitazama kaskazini jua haliingii moja kwa moja karibu mwaka mzima na mwanga wake una ubluu, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Kuna mama mmoja wa Tanga nilimkuta amepaka sebule ya kaskazini nyeupe kabisa, S 0500-N, chini zulia la kijivu, kochi la kijivu, akaniambia mwanangu, hapa nakaa kama niko wodini nasubiri daktari. Rangi za huku zinaitwa kwa namba za mfumo wa NCS na ukishajua kuzisoma hudanganyiki dukani: tarakimu mbili za kwanza ni kiasi cha weusi, mbili zinazofata ni nguvu ya rangi, na mwishoni ni rangi yenyewe. N maana yake haina rangi yoyote. Nyeupe unayoikuta kwenye kuta nyingi hapa ni S 0502-Y, ina kachembe ka njano, inafaa vyumba vinavyopata jua. Kwa yule mama tulipaka S 1002-Y50R, yani njano na nyekundu nusu kwa nusu kidogo sana, jioni ile ile tulivyomaliza chumba kilishabadilika.

Usichague kwenye kile kikadi kidogo. Paka karatasi kubwa mbili tatu, zibandike ukuta tofauti tofauti, zikae siku mbili uzione asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Kazi yenyewe unaijua: osha mafuta, ziba matundu kwa puti, piga msasa, praima sehemu ulizoziba, mikono miwili ya rangi isiyong'aa, mi ukutani natumia glansi (kiwango cha kung'aa) 5 au 7. Kama mkataba wa kupanga ni wako mwenyewe moja kwa moja na mwenye nyumba, sheria ya Uswidi inakuruhusu kupaka rangi na kubandika karatasi za ukutani, ila kazi iwe safi maana ikiwa mbaya unaweza kudaiwa.

Hatua ya 2: Fungua dirisha

Sisi tumezoea pazia mbili, neti na lile zito, kwa sababu kwetu jua ni kali na wapita njia wanachungulia. Huku toa hilo zito. Weka kitani au pamba nyepesi, na bomba la pazia lizidi dirisha sentimita 20 hivi kila upande ili ukifungua pazia lisile kioo. Kama upo ghorofa ya chini weka kipazia cha nusu, chini umejificha, juu mwanga unaingia. Pale kwenye ubao wa dirisha weka taa ndogo na mmea mmoja au miwili, sio kumi.

Hatua ya 3: Taa nyingi ndogo

Nyumba nyingi unakabidhiwa darini kuna kulabu na soketi tu, taa unaleta mwenyewe, na mtu kwa haraka ananunua moja kubwa inawaka katikati kama ya ofisini. Usifanye hivyo. Watu wa huku wanasema chumba kinataka taa tano mpaka saba, zote chini ya kichwa au karibu na ukuta: dirishani, pembeni ya kochi, juu ya kabati la vitabu. Balbu ziwe 2700 Kelvini, yani mwanga wa kinjano, na zisichanganywe na za mwanga mweupe, hata moja tu itaharibu chumba kizima. Taa ya juu ya meza ya chakula ining'inie sentimita 60 hivi kutoka mezani, ukikaa usione balbu yenyewe. Mbunifu Mdenmaki Poul Henningsen alianza kulishughulikia hilo tangu miaka ya 1920, zile taa zake za vikombe vilivyopangana juu kwa juu zinamwaga mwanga mezani bila kukuumiza macho.

Hatua ya 4: Meza ya mbao na sabuni

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote. Nenda maduka ya mitumba kama Myrorna, tafuta meza ya paini ya zamani, wengi wanaipita kwa sababu vanishi imeifanya ya machungwa. Kwangu niliifanya hivi. Nilitoa vanishi yote kwa msasa namba 120, alafu 180, nikifata nyuzi za mbao siku zote, ukikata nyuzi mikwaruzo haifichiki. Nikapangusa vumbi, nikalowesha mbao yote kwa sponji ya maji, nikaacha ikauke. Ukiipapasa ikikauka utasikia imekuwa na vinywele, hizo ni nyuzi zimesimama, pitisha msasa 240 kwa mkono mwepesi.

Sasa sabuni, ndo inashika nafasi ya vanishi. Dukani zinaitwa såpflingor, vipande vyeupe vyembamba, sio sabuni ya vyombo. Desilita 1 kwenye lita 1 ya maji ya moto, koroga mpaka viyeyuke, acha ipoe iwe vuguvugu. Paka kwa sponji meza nzima kwa mpigo mmoja usiache madimbwi, subiri kama dakika kumi, futa inayozidi kwa kitambaa kikavu, acha ikauke mpaka kesho. Rudia mara tatu nne, katikati msasa mwepesi. Kila mkono unaona mbao inapauka na kulainika, unapitisha kiganja kama unapapasa hariri. Kama meza ni ya mwaloni usiiguse na sufi ya chuma, inaacha madoa meusi. Baada ya hapo ni sabuni kila baada ya miezi michache, na chai ikimwagika futa hapo hapo.

Hatua ya 5: Fanicha

Sasa ndo kochi. Chagua lenye miguu ili sakafu ionekane chini yake, chumba kidogo kitapumua. Vitu vichache vizuri vinashinda seti nzima ya siku moja, na kiti kimoja cha mtumba kilichoungwa vizuri kinakaa miaka, angalia kile cha mbunifu Mdenmaki Hans Wegner cha mwaka 1949 chenye mgongo wa Y na kamba ya karatasi, mpaka leo kinatengenezwa.

Hatua ya 6: Vya kwetu

Usifiche vitu vya nyumbani ukidhani vinaharibu staili. Nenda kijiji cha Sundborn kwenye nyumba ya wasanii Karin na Carl Larsson uone nyekundu, kijani na vitambaa alivyofuma Karin mwenyewe, Waswidi wanajivunia nyumba ile na haina ukijivu. Kikoi kinakaa vizuri sana juu ya kochi la rangi ya mchanga, kikapu cha ukindu ndo cha kuwekea blanketi, mkeka pembeni ya kitanda. Mkeka tu usiuweke karibu na hita, hewa ya ndani wakati wa baridi ni kavu na ukindu unakatika, upulizie maji kidogo kila wiki mbili alafu uache ukauke kabla ya kuukunja.