Nani hasa anasimulia? Msake kwenye "eti" na "kumbe"

Kwanza weka jina la mwandishi kando. Jalada la riwaya ya Siku Njema lina jina la Ken Walibora, lakini anayetusimulia ni Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayesafiri kumtafuta babake. Ukiandika kwenye insha "Walibora anasema alifiwa na mamake", umemuua mama wa watu.

Hatua ya 1. Tafuta "ni-" nje ya mazungumzo, maana ndani ya alama za usemi kila mtu ni "mimi". Ukiikosa, usikimbilie kuandika "msimulizi maizi" (yule ajuaye yote) ukafunga daftari.

Hatua ya 2. Hapa usiharakishe. Linganisha "Juma alisema anaumwa" na "Eti Juma anaumwa." Ndani ya ile ya pili kuna mtu asiyemwamini Juma. "Kumbe mlango ulikuwa wazi!" Nani ameshtuka? Kama ni Rehema aliyekuwa akiusukuma, basi msimulizi ameingia kichwani mwa Rehema, japo bado anamtaja kwa "a-". Tazama pia kuja na kwenda: mgeni "akija sebuleni", msimulizi ameketi humo humo, "akienda sebuleni", yuko kwingine. Na mtu akiitwa kijitu, yupo anayemdharau. Mimi huzungushia maneno haya kalamu ya risasi kwenye kurasa tano za mwanzo tu, na mara nyingi zinatosha.

Mtego mmoja: "ni-" na "a-" hazibagui mume na mke. Msimulizi anaweza kwenda mbali bila kujulikana, mpaka aitwe dada, au aseme ameoa au ameolewa.

Hatua ya 3. Chunguza kama kuna msimulizi ndani ya msimulizi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anasimama barazani kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi. Anayesimulia safari hizo ana kesi shingoni! Kwa hiyo uliza anamwambia nani, na anataka apate nini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, "mimi" ni mtoto, mbona anatumia maneno mazito?*
Hapo wako wawili: mtoto aliyeyaona na mtu mzima anayeyakumbuka. "Siku hizo" au "baadaye nilikuja kujua" ni sauti ya mtu mzima.

*Nitajuaje kama msimulizi anadanganya?*
Pima maneno yake kwa vitendo vyake. Anayesema hakumjali mkewe alipoondoka, kisha anakutajia rangi ya kanga aliyojifunga na saa basi lilipong'oa nanga, huyo alijali.

*Basi kwenye mtihani niandike nafsi ya tatu, au nieleze hizo "kumbe"?*
Vyote, mwanangu. Taja nafsi ya tatu, nukuu sentensi moja yenye "kumbe", useme aliyeshtuka ni nani.