Kiwambo cha bastola cha vipande viwili: anza na mtutu wako kwanza

Kila nikitoka renji, uwanja wa kupigia shabaha, na watu wa kwetu hapa Texas swali ni lile lile, nichukue kiwambo gani cha bastola, yaani kile kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mbele ya mtutu, na muulizaji ameshaona picha ya vile vinavyokatika vipande viwili, unapiga kirefu au unafungua kipande cha mbele kinabaki kifupi, basi roho yake iko hapo. Hamna tatizo, hata mimi ninacho na nakipenda. Ila karibu wote wanaanzia mwisho. Thredi ya mtutu wao, ile mikato ya skrubu kwenye ncha, hawaijui, risasi zao zinakimbia kasi gani hawajui, wameshachagua rangi.

Tuelewane kwanza kuhusu sauti maana sinema zimetuharibu. Bastola ya 9mm (huo ni upana wa risasi yake) bila kiwambo mlio wake ni kama desibeli 160, ukiweka kiwambo kizuri inashuka hadi kati ya 125 na 135 hivi. Hiyo bado ni kelele ya kweli. Mstari wa hatari kwa mlio wa ghafla ni 140, kwa hiyo kiwambo kinakushusha chini ya mstari, hakikuletei ukimya, na mi navaa vizibo vya masikio hata nikiwa nacho, hasa renji ya ndani ambako jirani anapiga bunduki isiyo na kitu mbele. Aliyebuni kiwambo, Hiram Percy Maxim, alipata hataza yake 1909, na baba yake ndo yule Maxim wa bunduki ya Maxim, bombom waliyokuja nayo wakoloni kwetu, mzee ambaye masikio yake yaliishia kwenye kelele za bunduki zake mwenyewe. Nikimkumbuka huyo mzee vizibo sivui.

Sheria nitasema haraka lakini isome. Hapa Marekani kiwambo kiko chini ya NFA, sheria ya silaha ya serikali kuu ya 1934, unanunua kupitia duka lenye leseni yake, unajaza Fomu 4 ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, alama za vidole, picha, unasubiri kibali ndo unakichukua. Ile kodi ya dola 200 imekuwa sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ila usajili uko pale pale, asikudanganye mtu kwamba kodi ikiondoka na fomu zimeondoka. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Delaware, Hawaii na Illinois haziruhusu raia kumiliki, kwa hiyo ndugu zangu wa Chicago poleni, na wewe wa St. Louis kumbuka ukivuka daraja tu uko Illinois. Mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kununua, aliyeko kwa viza ya masomo au ya muda kwa kawaida hawezi, muone wakili kabla hujajaza chochote. Kikisajiliwa kwa jina lako ni chako peke yako, shemeji hawezi kuja kuazima wikendi we ukiwa kazini, kama mnataka kutumia wawili fungueni trasti, hati ya kisheria ya kumiliki mali kwa pamoja, na muwe ndani wote. Kwenda nacho Dar au Nairobi likizo sahau kabisa, kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Na vile vikiti vya mtandaoni vinavyouzwa kama vifaa vya kusafishia bunduki kumbe ni vipande vya kiwambo, usiguse, watu wameshtakiwa mahakama za serikali kuu kwa hivyo.

Sasa mtutu. Bastola nyingi za leo, Glock, SIG na wenzao, mtutu wake unainama kidogo na kurudi nyuma kila unapopiga, ndo zinavyotoa ganda na kupakia risasi nyingine. Ukining'iniza gramu 300 mbele ya huo mtutu unakuwa mzito, haurudi vizuri, bastola inakwama. Ndo maana kiwambo cha bastola kina pistoni na springi kwa nyuma, watu wanaita busta, kazi yake ni kuutenganisha mtutu na uzito wa kiwambo kwa sekunde ile mlio unapotoka. Lakini kabini ya 9mm, yaani bunduki fupi ya begani, kama Ruger PC mtutu wake umesimama, haurudi, hapo springi haitakiwi, unatoa unaweka kipete kigumu mahali pake. Ukiacha springi kwenye mtutu uliosimama kiwambo kinagonga mbele na nyuma kila risasi na kinaumia. Kinyume chake kilinipata mimi: nilitoka kupiga kabini, nikafunga kiwambo kwenye Glock na kile kipete bado kiko ndani, risasi ya kwanza ikatoka, ya pili hakuna, navuta slaidi, kile kifuniko cha juu cha bastola kinachorudi nyuma, kwa mkono, inatoka moja, hakuna tena, nikaanza kulaumu magazini na risasi na kila kitu, dakika ishirini nzima, mpaka nilipofungua nyuma nikakuta kipete kinanitazama. Tangu siku hiyo springi na kipete vinakaa kwenye kimfuko kimoja na kiwambo, kisichotumika lazima kionekane.

Pistoni ndo inayobeba thredi, kwa hiyo kiwambo kimoja kinaweza kuhudumia bunduki kadhaa kwa kubadili pistoni tu. Kwa 9mm za Marekani thredi ya kawaida ni 1/2x28 (upana nusu inchi, mikato 28 kwa inchi), za Ulaya ni 13.5x1 (kwa milimita) ya mkono wa kushoto, na mitutu kadhaa ya Glock ya kiwandani ni hii ya kushoto, yaani unafunga kwa kuzungusha upande uliozoea kufungulia. Usilazimishe! Ikikataa mzunguko wa kwanza simama, angalia maandishi. Kwa .45, risasi nene zaidi ya karibu inchi 0.45, utakutana na .578x28 na kwa zile za kampuni ya H&K 16x1 ya kushoto. Kabla ya kulipia kiwambo angalia kampuni yake inauza pistoni zipi na kama zipo dukani kweli, kuna viwambo vizuri sana ambavyo pistoni yake unaisubiri miezi.

Tisa au arobaini na tano? Kiwambo cha .45 kinapitisha 9mm bila shida, unapoteza ukimya kidogo kwa sababu tundu ni kubwa. Cha 9mm hakipitishi .45 hata kwa bahati mbaya, risasi itagonga visahani vya ndani na hapo umeharibu kiwambo na pengine mkono. Kama nyumbani una .45 au unajijua utanunua, chukua cha .45. Kama una 9mm tu na kabini ya 9mm, chukua cha 9mm, usibebe unene na uzito wa kitu usichonacho.

Na risasi zenyewe ndo nusu ya kazi. Sauti hewani inakimbia kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, risasi ikizidi hapo inapasua hewa na ule mpasuko hakuna kiwambo kinachoushika. 9mm ya grein 115 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa kawaida inazidi. Ya grein 147 inabaki chini. .45 ya grein 230 iko chini siku zote, ndo raha yake. Nimeona mtu anarudisha kiwambo dukani analalamika kina kelele, kumbe anapiga 115 za bei rahisi, nikampa magazini moja ya 147 akapiga, akageuka kuniangalia, akakibeba akarudi nacho nyumbani.

Tuje kwenye urefu sasa. Mfano Rugged Obsidian 45, kirefu ni inchi 8.6, ukitoa kipande cha mbele inabaki 6.7. Kirefu ni kimya zaidi, kifupi kinakaa vizuri mbele ya bastola na hakichoshi mkono. Ukweli wangu ni kwamba kwenye bastola nakitumia kifupi karibu siku zote na kwenye kabini kirefu, kwa hiyo muulize muuzaji hicho kifupi chenyewe kinasikikaje, usikubali namba ya desibeli ya kirefu tu, maana ndo wanayoandika kwenye boksi. Zamani tulikuwa tunataka kimoja kinachofanya yote kwa sababu kila kimoja ni dola 200 za kodi na miezi ya kusubiri. Hiyo hesabu imebadilika, leo kama hela ipo viwili vya kawaida, kimoja kifupi na kimoja kirefu, vinaweza kukufaa kuliko kimoja cha vipande, kifikirie kabla hujafuata mkumbo.

Mengine madogo: alumini ni nyepesi ila haipendi kupigwa mfululizo, titani na chuma cha pua vinavumilia. Chagua kinachofunguka kusafishwa, hasa kama utapitisha na .22, ile risasi ndogo, maana inaacha uchafu wa madini ya risasi unaoganda kama saruji. Na saiti, yaani vile vya kulengea, za kawaida za bastola zitafunikwa na kiwambo, weka bajeti ya saiti ndefu au kioo cha nukta nyekundu.

Kikifika siku ya kwanza, hakikisha bastola haina risasi, funga kiwambo, pitisha ufito wa kupimia, fimbo nyembamba iliyonyooka inayolingana na tundu la mtutu, kutoka mbele ya kiwambo mpaka uingie ndani ya mtutu, tazama tundu la mbele: ufito unatakiwa ukae katikati, usiguse pembeni. Ukigusa usipige, rudi dukani. Ukikaa sawa pakia risasi moja tu, piga, toa magazini, hakikisha chumba ni tupu, angalia tena kama kiwambo bado kimekaza. Halafu mbili. Mi bado nakaguakagua kukaza kila baada ya magazini, na nashika kwa kitambaa, maana magazini tatu tu kimeshakuwa moto wa kuunguza.