Namna ya Kuingiza Ala Isiyo ya Kawaida Katika Bendi Yako

Bendi inapopata hamu ya kuongeza msumeno, chupa za maji au melodika katika wimbo, swali la kwanza lisiwe ala hiyo itapatikana wapi, bali itafanya kazi gani ambayo gitaa, kinanda na ngoma haziifanyi. Ala isiyo na kazi hugeuka kichekesho kabla ubeti wa pili haujaisha: wasikilizaji hutabasamu, hupiga makofi, kisha husubiri muziki uendelee. Kwa hiyo, kabla ya kununua au kuunda chochote, kaeni chini msikilize wimbo wenu na mtaje kwa maneno kile kilichopungua, kama ni sauti ndefu ya kulia juu ya kiitikio, mkwaruzo wa kushika mapigo, au mlio mmoja wa kushtua mwanzoni. Mkishakitaja, uchaguzi wa ala unakuwa mwepesi.

Wengi waliofanikiwa kwa ala za ajabu walianzia kwenye upungufu. Mtunzi wa Marekani John Cage, mwaka 1940, alitakiwa kutunga muziki wa ngoma kwa ajili ya onyesho la dansi katika ukumbi usio na nafasi ya kikundi cha wapiga ngoma, ndipo akachomeka skrubu na vipande vingine katikati ya nyuzi za piano hadi piano moja ikatoa milio ya kikundi kizima. Wapiga gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, wa Kenya ya miaka ya 1960 walifuatana na mtu aliyekwaruza au kugonga chupa ya soda yenye mifereji, na mapigo yakashikika bila ngoma. Huko Jamaika, Augustus Pablo aliichukua melodika, kinanda kidogo cha kupuliza ambacho watu walikizoea mikononi mwa watoto wa shule, akakikabidhi melodia kuu ya rege katika miaka ya 1970. Aliipa ala hiyo nafasi ya mwimbaji, na hakuna aliyecheka.

Chupa za maji

Nitakaa zaidi kwenye chupa, kwa sababu zinapatikana kila mahali na kwa sababu huwakosesha hata wanamuziki wazoefu. Ukiipuliza chupa, kadiri unavyoongeza maji ndivyo mlio unavyopanda, kwa kuwa hewa inayotikisika ndani yake imepungua. Ukiigonga kwa kijiti, kadiri unavyoongeza maji ndivyo mlio unavyoshuka, kwa kuwa kinachotikisika sasa ni kioo chenyewe, na maji yamekifanya kiwe kizito. Amueni mapema ni njia ipi mtakayotumia, kwani chupa iliyolinganishwa kwa kupulizwa haitatoa noti ileile ikigongwa.

Kwa chupa za kupuliza ipo hesabu inayopunguza kubahatisha. Mlio hupanda oktavu moja pale hewa iliyobaki inapokuwa robo ya hewa ya mwanzo. Chukua chupa ya mililita 500 na uiite noti yake ikiwa tupu do: ukitia maji kama mililita 280 utapata so, na ukifika mililita 375 utapata do ya juu. Angalia, hata hivyo, kwamba hatua hazilingani, kwa maana nusu toni ya kwanza kutoka chini inadai maji kama mililita 55, ilhali ukishafika do ya juu nusu toni inayofuata inadai mililita 14 tu. Ndiyo sababu mwanzoni unaweza kumimina kwa kikombe, lakini kwenye noti za juu ni afadhali utumie bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Haya ni makadirio, na shingo ya kila chupa ina ukaidi wake, hivyo malizia kwa programu ya simu inayotumika kutyuni gitaa, ikiwa imewekwa kwenye noti ya A (la) ya hezi 440.

Usijaribu kumpa mtu mmoja chupa saba na kumtaka akimbize melodia. Gawanyeni noti, kila mmoja ashike chupa mbili na apulize zamu yake inapofika, kama watu wanaopokezana matofali. Mdomo wa chini uguse ukingo wa chupa, na pumzi ipite juu ya tundu, isiingie ndani. Pumzi iwe fupi, kwa maana anayepuliza kwa nguvu mfululizo hupata kizunguzungu kabla ya kiitikio cha pili.

Joto nalo lina neno lake. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mlio wa chupa ya kupuliza hupanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, na wakati huohuo nyuzi za gitaa zikipata joto la taa hulegea na kushuka, kiasi kwamba ala mbili zilizokubaliana mchana zinaweza kugombana usiku. Linganisheni chupa jukwaani kwenyewe, taa zikiwa zimewashwa. Na zilindeni dhidi ya watu wenu wenyewe: katika onyesho letu moja mpiga besi, koo likiwa limemkauka, alikata kiu kwa re ya wimbo uliofuata. Noti ilishuka, kiitikio kikapinda, naye akatutazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Tangu siku hiyo maji yetu hutiwa rangi ya buluu, ambayo pia humsaidia mpulizaji kuona usawa wa maji kwenye mwanga hafifu.

Msumeno, na ala nyingine zisizo na vituo

Msumeno wa mkono wenye urefu wa inchi 26 hadi 30 hutoa sauti inayokaribia ya mwanamke anayeimba bila maneno. Funika meno yake kwa utepe mzito, kaa kwenye kiti, bana mpini katikati ya mapaja meno yakielekea kwako, shika ncha kwa mkono mmoja na ulipinde bapa lake kwa umbo la herufi S. Mkono wa pili upitishe upinde wa fidla, uliopakwa ulimbo wake, kwenye ukingo usio na meno, pale katikati ya S ambapo bapa linageuza mwelekeo. Ukipakosa mahali hapo hata kwa upana wa vidole viwili, utapata mkwaruzo mtupu. Ukipinda zaidi mlio hupanda, na mahali penyewe husogea kuelekea ncha, kwa hiyo, bila kituo maalumu cha kila noti, mikono miwili hujifunza kusafiri pamoja. Mpeni mpiga msumeno noti ndefu na za polepole. Melodia ya kurukaruka itamdhalilisha bure.

Shida hiyohiyo ya kukosa vituo inaikabili theremini, ala iliyobuniwa na Mrusi Léon Theremin yapata mwaka 1920, ambayo mpigaji haigusi kabisa: mkono mmoja husogea karibu na antena ya wima kupandisha mlio, mwingine karibu na antena ya kitanzi kurekebisha ukubwa wa sauti. Wanaodhani kwamba bendi ya Beach Boys ilipiga theremini katika "Good Vibrations" ya mwaka 1966 wanakosea kidogo. Ilikuwa ala ya mwanamuziki Paul Tanner, iliyotoa sauti ya aina hiyo lakini kwa kusogeza kishikio juu ya alama zilizochorwa, ili noti ipatikane pale inapotakiwa. Nawashauri bendi zenye mazoezi machache zifuate njia hiyo, yaani zichague umbo la ala linaloshikika, mradi sauti ni ileile.

Sauti ifike kwa wasikilizaji

Ala nyingi za kuunda zina sauti ndogo, na ukiisogezea maiki ya kawaida na kuipandisha, ngoma huingia humo na spika zikaanza kupiga mluzi. Dawa ya ala za kugonga na kukwaruza ni kisahani cha piezo, kile cha duara kinachopatikana ndani ya vifaa vingi vya kulia king'ora, ambacho hunasa mtikisiko wa kitu chenyewe badala ya hewa. Kibandikwe kwenye ubao au fremu inayobeba ala, kisha kipitie kwenye preampu (kifaa cha kukuza mawimbi dhaifu ya sauti) kabla ya kufika kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), la sivyo sauti za chini zitapotea na kubaki mlio wa bati. Msumeno na chupa za kupuliza hazitaki kisahani. Ziwekeeni maiki ya peke yake kwa karibu, mbali na ngoma, na fundi mitambo aifunge pale ala inaponyamaza.

Ukali unaotokana na vifaa duni haupaswi kuogopwa kila wakati. Bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa ilipaza likembe zake (ala za vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) kwa vinasa vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na mkwaruzo uliotokea ukawa ndio utambulisho wa bendi, kama inavyosikika katika albamu ya "Congotronics" ya mwaka 2004. Tofauti na kelele ya ovyo ni kwamba mkwaruzo wao upo ndani ya mapigo. Pink Floyd, kwa wimbo wa "Money" wa mwaka 1973, walirekodi sarafu na mashine ya kuhesabia fedha, wakapima vipande vya utepe wa kurekodia kwa rula ili kila mlio uchukue nafasi sawa, wakavifunga kuwa mzunguko wa mapigo saba. Kelele yoyote mnayotaka kuiingiza ipimwe hivyohivyo.

Mbwembwe za jukwaani

Mbwembwe hujaribiwa mazoezini kwa kasi halisi ya wimbo, mtu akiwa amesimama na amevaa nguo za onyesho. Upinde wa fidla juu ya gitaa la umeme, ulioenezwa na Jimmy Page wa Led Zeppelin, unaonekana rahisi hadi ujaribu: daraja la gitaa, yaani kipande kinachobeba nyuzi, halikuinuka katikati kama la fidla, hivyo upinde hugusa nyuzi kadhaa kwa pamoja, na uzi mmoja mmoja hupatikana pembeni tu. Tokboksi, ambayo mpiga gitaa Peter Frampton aliipa umaarufu mwaka 1976, hupeleka sauti ya gitaa kwenye mrija unaoingia mdomoni, nawe unaitamka bila kutumia koo. Mrija ukae pembeni mwa meno na midomo iwe karibu sana na maiki, kwa kuwa maiki ndiyo inayosikia kinywa chako.

Jihadharini na mbwembwe msiyoweza kuirudia. Mwaka 1964 Pete Townshend wa The Who alivunja gitaa lake kwa bahati mbaya lilipogonga dari la chini la baa, akamalizia kulivunja, na mashabiki wakaanza kumdai hivyo kila alikokwenda. Mwaka 1984, watu wa bendi ya Kijerumani ya Einstürzende Neubauten walipopeleka mashine za kuchimba katika ukumbi wa ICA, London, jukwaa lilianza kutobolewa na onyesho likakatishwa. Chochote chenye cheche, vioo vya kuvunjwa au maji karibu na nyaya mwonyesheni fundi mitambo na mwenye ukumbi mapema, na jibu lao mlikubali.

Onyesho likiisha, mwageni maji kabla ya kufunga mizigo, lakini kwanza andikeni mililita za kila chupa kwenye kipande cha utepe shingoni mwake. Safari ijayo mtajaza kwa kipimo wakati fundi bado anavuta nyaya, na masikio mtayatunza kwa ajili ya marekebisho ya mwisho.