Jinsi ya kujichapishia kitabu Lubumbashi bila kulala kati ya maboksi

"Mama Mwalimu, niliisha kuandika. Sasa nifanye namna gani?"

Swali hili naletewa kila mwaka na kijana mmoja au wawili, daftari wamelifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nafundisha darasa la sita la msingi huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Nimejichapishia kitabu kimoja, hadithi za kambi ya wafanyakazi wa mgodi nilikokulia: king'ora cha alfajiri, foleni ya mposho (posho ya chakula), mama zetu wakipima unga kwa macho. Nimekichapisha mara mbili, na wiki hii naenda mara ya tatu. Ninayoyajua nimeyalipia, kwa hiyo nayaweka hapa, na kijana wa mwaka kesho ayasome kabla hatujakaa kuongea.

Anza na idadi

Wengi huanza na picha ya jalada. Wewe anza na idadi. Chapisha nakala ambazo unaweza kuzifikisha nyumbani kwa safari moja ya pikipiki, uziuze, kisha urudi kuchapisha tena. Kwangu mimi hizo ni 100.

Mara ya kwanza sikujua hilo. Zamu yangu ya likelemba (mchezo wa upatu) ilipofika, nilipeleka pesa yote kwa mchapaji: nakala 300, dola 780. Alinieleza kwamba ukiongeza idadi, bei ya nakala moja inashuka, na alisema kweli. Kwenye mashine ya ofseti gharama kubwa ni kutengeneza zile sahani za alumini na kuipanga mashine, na hiyo unailipa hata ukitaka nakala ishirini. Mashine ya kidijitali haina sahani. Nakala ya kwanza na nakala ya mia bei yake ni moja. Kwa hiyo nakala yangu ya ofseti ilinigharimu dola 2.60, na ya kidijitali, baadaye, dola 3.10.

Ukitazama hapo tu, utasema ofseti ni faida. Tazama na hesabu iliyobaki. Katika zile 300, niliuza 137 kwa mkono wangu ndani ya miaka miwili. Niligawa 40 bure. Nakala 63 zilikwenda kwa maduka na kwa watu wa "nitakulipa mwisho wa mwezi", hazikurudi, wala pesa yake. Na 60 zililowa mwezi wa kwanza, mvua ilipopenya kati ya mabati mawili juu ya chumba cha watoto. Kurasa ziligandamana, ukiinua kitabu kimoja vinne vinafuata. Dola 685 ziliingia, 780 zilikuwa zimetoka. Watoto wangu walilala na maboksi miaka miwili, na mimi kila nikifagia niliyaona.

Mara ya pili: nakala 100, dola 310. Nikagawa 15, nikauza 85 kwa dola 5. Zikaingia 425. Faida 115, kabla ya pikipiki na yuniti za simu. Si pesa ya kujengea nyumba. Lakini ziliisha kwa miezi mitano, na chumba cha watoto kikabaki chumba cha watoto.

Kiswahili kipi?

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo waandishi wetu wengi wanapoogopa. Tunafundishwa Kifaransa, tunaota kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe tunaambiwa si kile cha vitabuni. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Mwandishi hahitaji ruhusa nyingine. Mimi nasimulia kwa Kiswahili cha shule, kile atakachoelewa hata mtu wa Kigoma, ila watu wangu wanapoongea nawaacha waongee kama wanavyoongea Kamalondo na Kenya, mitaa ya mji wetu. Mama akimwita mtoto ale, anasema "kuya kula bukari" (njoo ule ugali), basi ndivyo ninavyoandika.

Na tusidhani sisi ndio wa kwanza. Mwaka 1965, mji ukiitwa bado Élisabethville, André Yav na wenzake wa chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili kinachosemwa hapa hapa. Waliipiga kwa mashine ya taipu, ikazunguka mikononi mwa watu bila nyumba yoyote ya uchapishaji. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo inasomwa vyuo vikuu. Wale wazee hawakuwa na kompyuta. Ninapochoka nawakumbuka wao.

Ukipiga mwenyewe kwenye kompyuta, kwanza zima ukaguzi wa Kifaransa. Mimi sikuuzima, kila "ile" iliyoanza sentensi ikajigeuza "Île", nikajikuta na visiwa katika kitabu cha mgodi. Ukipeleka daftari kwa sekretaria wakupigie, kaa karibu, au rudi na daftari usome mstari kwa mstari. Halafu tafuta mtu akusomee kitabu chote kwa sauti, wewe ukiwa na kalamu tu. Mimi nilimpa mwalimu mwenzangu dola 20 na kuku. Ndiye aliyegundua kwamba mpiga king'ora, aliyekuwa Kasongo ukurasa wa 12, ameitwa Kalenga ukurasa wa 41. Macho yangu yalikuwa yamepita hapo mara kumi.

Kurasa zihesabu kwa 16

Jambo hili hakuna aliyeniambia. Kitabu cha ofseti hukunjwa kutoka karatasi kubwa, na mara nyingi karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 16. Kitabu changu kilikuwa na kurasa 115. Mchapaji akanihesabia 128, kwa sababu zile kurasa tatu za mwisho zilidai karatasi nzima. Nilirudi nyumbani nikakata kurasa tatu, nikabaki na 112, ambayo ni 16 mara saba. Hata kwenye mashine ya kidijitali hakikisha idadi inagawanyika kwa nne. Kijitabu kidogo, tuseme kurasa 48, kifunge kwa pini mbili za katikati. Ni bei ndogo na hakiachii.

Ukubwa wa A5, sentimita 14.8 kwa 21, unatosha, maana ni A4 iliyokunjwa na hakuna karatasi inayopotea. Herufi za ukubwa wa 11, mistari ipumue, na upande wa ndani acha sentimita mbili ili maneno yasizame kwenye mshono. Karatasi ya ndani gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba), jalada gramu 250. Peleka kazi ikiwa PDF, usipeleke Word. Kompyuta ya mchapaji ikikosa herufi zako, mistari yote inahama.

Kwa mchapaji

Omba proforma (makadirio ya bei) iliyoandikwa: idadi, gramu, aina ya gundi au pini, tarehe ya kukabidhi. Toa akonti (malipo ya kwanza) ya nusu, usitoe zaidi, na usiondoke bila risiti. Wapo wachapaji waaminifu mjini, nafanya kazi na mmoja wao sasa. Lakini yule wa kwanza nilimlipa yote siku ya kwanza, na kitabu changu kikakaa nyuma ya kalenda za Mwaka Mpya na kadi za ndoa kwa wiki tisa.

Kabla mashine haijaanza, dai nakala moja ya kujaribia, nakala kamili yenye jalada lake. Ikae kwako siku tatu. Isome. Kisha ifungue katikati kwa nguvu, vuta ukurasa mmoja. Iache juani kwenye dirisha mchana mzima, hasa mwezi wa kumi, joto letu linapokuwa kali kabisa. Gundi mbaya italegea hapo hapo, mbele yako, na si mbele ya mteja. Kama kitabu kinakataa kulala wazi na kurasa zinasimama ngumu, huenda nyuzi za karatasi zimelazwa kinyume cha mgongo. Mwambie mchapaji, ataelewa. Ukiridhika ndipo utie saini ile karatasi ya "bon à tirer", yaani ruhusa ya kuchapa. Ukishasaini, kosa lililobaki ni lako.

Haki na karatasi zake

Sheria yetu ya haki za mwandishi ni ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kazi inalindwa tangu unapoiandika, na baada ya kufa kwako warithi wanaihesabia miaka 50. Weka ukurasa wa pili jina lako, mwaka na nambari ya simu ya kuagizia. Nambari ya ISBN, ile ya tarakimu 13 inayotambulisha kitabu, hauihitaji ili kuuza mlangoni mwa kanisa, ila maduka ya vitabu na maktaba wataiuliza. Ukiipata, iwe kwa jina lako na si la mchapaji. Depo legale, zile nakala ambazo sheria inadai, inapelekwa Kinshasa, Maktaba ya Taifa. Tenga nakala zake mapema, pamoja na nauli ya kifurushi.

Kuuza

Bei yangu ni dola 5, na sababu yake ni noti. Huku wengi hawapokei noti ya dola moja, na noti iliyopasuka kidogo wanaikataa. Ukiweka bei ya dola 4 utakosa ya kurudisha kila siku. Anayelipa kwa franka, mhesabie kwa kiwango cha kambisti (mbadilisha pesa) wa siku ile, si cha mwezi uliopita. Kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, mwambie aongeze na gharama ya kutoa, la sivyo sehemu ya faida yako ndogo inabaki kwenye simu.

Nauza Jumapili baada ya misa, nikiwa nimeomba ruhusa wiki moja kabla. Nauza kwenye mikutano ya wazazi, shule ambazo si yangu. Nauza Likasi na Kolwezi kwa kumpa dereva kifurushi chenye jina la mpokeaji, pesa ikiwa imeshaingia. Kinachouza kuliko vyote ni kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Nachagua ule wa foleni ya mposho, nasimama, nasoma dakika tatu, nanyamaza. Mama mmoja pale Kenya alinunua vitatu, akaniambia sauti ya mama yake imo ndani. Hiyo siwezi kuiandika kwenye safu ya dola, lakini ndiyo inayonirudisha kwa mchapaji.

Duka likikubali kukuwekea kitabu, uliza asilimia yake; langu lilichukua 35. Weka vitano tu, saini daftari, rudi kila mwezi. Duka lile lilifunga nikiwa nalidai nakala 20, nikakuta kufuli.

Sasa ndugu. Huwezi kuishi mjini hapa, watu wa ukoo wakajua una kitabu, usiombwe. Baba mdogo alinikalia sebuleni, akauliza kama hata yeye atalipia kitabu:

"Mutoto yangu, mi baba yako mudogo, nitatosha makuta juu ya buku yako?"

"Hapana, baba. Yako iko. Jina yako niliandika."

Na kweli nilikuwa nimeliandika. Kabla ya kuchapisha, kaa na daftari uorodheshe watu 15 wa kupewa: wazazi, wakwe, aliyekusahihishia, padri au mchungaji. Hesabu nakala zao kama gharama. Wa 16 akija, mwonyeshe orodha kwa heshima na umwombe asubiri toleo linalofuata. Mara nyingi ananunua. Usiwakatalie wazee bila orodha, maana neno "hapana" tupu linaumiza, na unawahitaji kuliko unavyojua.

Mimi nilimhitaji mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyefanya kazi mgodini miaka mingi. Hasomi. Mjukuu wake, msichana wa darasa langu, alimsomea kitabu changu jioni kwa jioni mwezi mzima. Halafu akaniletea karatasi aliyoiandika babu yake akimtajia maneno. Foleni ya mposho, amesema, nimeikosea. Mama zetu hawakusimama tu wakisubiri. Walipanga mawe alfajiri, kila mama na jiwe lake, wakarudi kuwasha makaa na kupika chai, na jiwe la mwenzako hakuna aliyeligusa. Nilikuwa mtoto, niliyaona yale mawe nikadhani ni mawe tu.

Kama ningekuwa bado na zile 300 chumbani, kosa lingebaki humo. Sasa nakala zimeisha, na toleo la tatu halijaanza. Mawe yamechukua mistari minne, na ukurasa ulikuwa umejaa. Ili nisivuke kurasa 112 nimeondoa mistari minne niliyoipenda sana, ile ya mvua ikianguka juu ya mabati ya kambi. Jumatatu saa mbili naenda kwa mchapaji na akonti ya dola 155.